Kila Mtu na Kiti Chake

Siku alipokufa Nyanya Selina, mama yangu alikuwa uani akipaka rangi kiti. Rangi yenyewe ilikuwa ya samawati, mabaki ya milango ya zahanati, na brashi ilikuwa kijiti alichokitafuna ncha. Alikuwa ameandika MAMA RHODA mgongoni mwa kiti, kwa herufi kubwa kubwa zinazopanda mlima, maana mama alisoma hadi darasa la tatu na mstari ulionyooka haukuwahi kumpenda. Kengele ya kanisa ikalia. Mama akasimama, akajifunga leso, akakitwika kiti kichwani na rangi yake mbichi.

"Mama, hakijakauka."

"Selina naye atangoja kikauke?"

Huko matangani Mwalimu Petro akakikalia na koti lake jeupe, la pekee. Aliposimama kuomba dua, herufi D ilikuwa mgongoni mwake. Watu walijikaza, wakajikaza, mwisho binti wa marehemu mwenyewe akaangua kicheko, na sote tukacheka hadi tukalia upya. Tangu siku hiyo D ya jina langu kwenye kile kiti ilikuwa imepakazika, kama mtu aliyepiga chafya na wino mdomoni. Ikumbukeni hiyo D.

Kwetu kunaitwa Wendelamu. Utotoni nilidhani ni neno la lugha ya babu zetu. Kumbe ni jina la Kiingereza lililochakaa midomoni mwetu. Mlowezi aliyenyang'anya ardhi ile alikipa kipande chake jina la kijiji alikozaliwa, akajenga kanisa dogo la mawe lenye mnara, akajenga daraja la matao matatu juu ya mto wetu, akaning'iniza kengele mnarani. Kila alfajiri kengele hiyo iliwaita watu kazini. Aliyechelewa alichapwa. Babu yangu alikuwa na alama mgongoni, na akivua shati sisi wajukuu tuliangalia pembeni.

Uhuru ulipokuja na wazee wakalinunua shamba kwa ushirika wao, wengine walitaka kengele itupwe mtoni. Wakabishana sana. Mwisho wakakubaliana hivi: imetuita kazini maisha yetu yote, sasa itaita kwa jambo moja tu, jambo ambalo hakuna bwana awezaye kumwamuru mtu. Kifo. Kwa hiyo Jumapili haikulia. Harusi haikulia. Hata shule yetu iligonga ringi ya trekta iliyotundikwa mtini. Ukisikia kengele Wendelamu, hukuuliza kitu. Uliacha jembe, ukachukua kiti chako, kwa sababu nyumba yenye msiba haina viti vya kutosha. Wanawake walibeba kuni au sufuria. Mlikutana kanisani, katekista akawaambia ni nyumba ya nani, mkaenda pamoja. Majina tuliandika mgongoni mwa viti ili jioni kila mtu arudi na chake. Watoto wetu walijua desturi hiyo kabla ya kujua kuvaa viatu.

Hatukuwa na maana nyingine ya kengele. Nataka hilo lieleweke vizuri kabla sijaendelea.

Uchaguzi ulikuja, matokeo yakatangazwa redioni jioni, na jioni hiyo hiyo tukaona moshi ng'ambo ya mto. Kabila sitataja. Kila anayeniuliza kabila kwenye habari hii huwa anataka kujua aanze kumhurumia nani. Nitasema tu kwamba waliokuwa ng'ambo ya daraja tulikuwa tukiuziana maziwa nao, tukioleana, tukitukanana sokoni kama ndugu. Na vijana wetu nao walichonga mishale, nisiwafiche. Nyumba zilizoungua upande ule hazikujiunguza.

Kituo cha polisi kilifungwa. Askari wote waliitwa mjini kulinda wakubwa na mali ya wakubwa. Barabara ilizibwa kwa magogo. Tulilala na nguo zetu mwilini, tukala bila kuwasha moto mkubwa, na redio ikatuambia tudumishe amani. Tudumishe kwa kitu gani, hawakusema.

Katika siku hizo Mzee Barnaba alikuwa mahututi. Ndiye aliyemlea Elia, katekista wetu, tangu Elia alipofiwa na wazazi. Kila mtu alijua Mzee Barnaba hamalizi wiki. Mama alikuwa tayari ametenga unga wa msiba.

Asubuhi moja nilikuwa zizini nakamua. Kengele ikalia.

"Barnaba amepumzika," mama akasema, na nikamsikia akishusha kiti chake ukutani. Akapita mlango wa zizi, kiti kichwani. "Mmalize huyo ng'ombe kisha uje na kuni. Na usisahau sufuria kubwa."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Sufuria kubwa.

Kengele ya msiba hugongwa polepole, ikapumzika, ikagongwa tena. Ile ya siku hiyo ilikwenda mbio na haikupumzika. Jirani yetu Mama Tito alipita kando ya ua na stuli yake kwapani, akanipigia kelele, "Leo Elia uchungu umemshika kweli! Fanya haraka, mwanangu." Ndivyo tulivyoielewa. Kadiri Elia alivyovuta kamba, ndivyo watu walivyoharakisha.

Nilijitwika kuni, nikashika sufuria mkononi. Kwenye kona ya mikaratusi unaliona kanisa lote na uwanja wake, na chini yake daraja.

Niliona viti kwanza. Vilikuwa nyasini, vingine vimesimama, vingine vimelala ubavu.

Elia alikuwa kwenye dirisha la mnara. Mkono mmoja ulivuta kamba. Mwingine ulitupungia, sukuma, sukuma, kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani. Mdomo wake ulikuwa wazi kabisa. Alikuwa akitupigia kelele turudi.

Sikusikia neno hata moja. Kengele ilimfunika.

Waliokuwa wakitoka darajani walikuwa wengi, na wengine walikuwa tayari wamezunguka nyuma ya kanisa.

Nilikiona kiti cha samawati. Kilikuwa katikati ya watu, juu ya kichwa cha mama yangu. Kikashuka.

Nikatupa kuni. Nikaingia kwenye mabua makavu ya mahindi, nikalala kifudifudi, sufuria bado mkononi.

Kengele ikanyamaza.

Baadaye ukaja moshi, na kitu kizito kikaanguka ndani ya mnara kwa mlio ambao sitaueleza.

Wanajeshi walifika kwa lori jua likiwa linashuka. Hawakuwa wabaya, walikuwa wachovu, wakatuambia tufanye haraka kwa sababu wana vijiji vingine. Tulichimba kaburi moja. Mama yangu, Mama Tito, Mwalimu Petro na koti lake, Elia tuliyemtoa chini ya ngazi za mnara, na wengine ambao hadi leo nikiosha vyombo huwataja mmoja mmoja bila kukosea. Mbao za misalaba hazikuwepo. Mbao pekee zilikuwa za viti, na viti vizuri waliotuvamia walishavibeba, vibovu wakavichoma. Basi sisi tuliobaki tukaibiringisha ile kengele kutoka kwenye majivu, tukaiweka juu ya kaburi. Ilikuwa bado ya moto upande mmoja.

Mzee Barnaba? Alikufa siku chache baadaye, kitandani mwake, kwa ugonjwa wake. Hakugongewa kitu.

Amani ikaletwa. Wakubwa wakashikana mikono, wakapigwa picha, wakagawana ofisi. Tulipokwenda kwa chifu kuomba ruhusa ya kuweka jiwe lenye majina, alitutazama kama watoto wenye kiberiti. "Majina ni uchochezi," akasema. "Mnataka kufukua makaburi?" Ebo! Sisi tulitaka kuyafunika! Tulitaka mtu akipita ajue kaburi lile si la mbwa. Mjomba wangu akamwambia hivyo, akatishiwa kulala ndani. Hatukuandika kitu. Kengele ikabaki peke yake, imefunika mdomo udongoni.

Hiyo ndiyo Wendelamu niliyoiacha nilipopata wakala wa kunipeleka Doha.

Nilifanya kazi kwa mwalimu mmoja Mwingereza, madamu Helen, kwenye jumba la Al Rayyan ndani ya uzio wenye geti na mlinzi. Madamu alikuwa mtu wa haki. Pasipoti yangu alinipa mwenyewe, Ijumaa yangu ilikuwa yangu, na akikasirika alikasirika kwa sauti ya chini. Rafiki yangu alikuwa Salma wa Tanga, mfanyakazi wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa anacheka hata akiugua jino. Jioni tulikutana kwenye mapipa ya taka tukasengenya wenye nyumba. Nilikuwa nalala usingizi. Miaka miwili, mitatu, nikaanza kuamini kwamba vita ni jambo lililotokea kwa mtu mwingine.

Kisha baba yake madamu akafiwa na mkewe, akaja kuishi nasi. Mzee Arthur. Mrefu, mwembamba, anatembea na fimbo, suti asubuhi hata kwenye joto la Doha la kukaanga yai juu ya gari. Akaleta picha moja kubwa ya fremu, akaniomba nimsaidie kuitundika sebuleni.

Nilishika fremu, nikaigeuza. Lilikuwa kanisa letu. Mnara wetu. Chini yake mto, na daraja la matao matatu.

"Hili ni kanisa la kwetu," nikasema. "Limefikaje hapa?"

Akacheka kwa upole. "Hapana, Rhoda. Hapa ni kwetu. Wendleham."

Tukatazamana. Nikalitamka jina letu tunavyolitamka sisi, Wendelamu, na yule mzee akakaa chini kwenye kochi kama mtu aliyesukumwa.

Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki, sitasema uongo. Nilikuwa na hamu ya kwetu, na yeye ya kwao, na kwa bahati mbaya ya dunia kwetu na kwao kulifanana. Nikipiga pasi, yeye ananisimulia. Alikuwa ametunza kanisa lile miaka mingi na historia ya kijiji ilikuwa ndani ya kichwa chake kama sala. Kuna kinu cha maji kilichosaga ngano ya masista wa zamani. Kuna baa yenye picha ya jogoo ambako mfalme mmoja aliyekuwa anakimbia alilala bila kulipa. Kuna dimbwi ambako wanawake wenye midomo walikuwa wakizamishwa ili wanyamaze.

"Mimi ningeishi humo kama kambare," nikamwambia. Akacheka hadi akakohoa.

Akaniambia kwamba watu wa kutoka baharini walikiteketeza kijiji chao, karibu miaka elfu iliyopita, na ukutani mwa kanisa kuna kibao cha shaba kinachosema hivyo. Miaka elfu! Na uchungu alikuwa nao, sauti ilimbadilika. Mimi nikapiga pasi kola ile ile mara tatu.

Akaniambia juu ya jiwe la mashujaa lililo njia panda ya kijiji. Kila kijana wa Wendleham aliyekufa vitani ana jina lake pale, na kila mwaka majira ya baridi watu hukusanyika wakayasoma kwa sauti, jina kwa jina. Mmoja wao alikufa Afrika Mashariki, kwa homa, akiwa anabebwa kwa machela.

"Waliombeba walikuwa nani?" nikauliza.

"Wapagazi," akasema. "Maskini, walikufa wengi sana."

"Na wao wako kwenye jiwe gani?"

"Sijui," akasema, bila kujitetea. Hilo nilimheshimu.

Na kengele. Mnara wao ulikuwa na kengele mbili, akasema, na ndogo ilichukuliwa na kijana wa familia iliyoitoa, alipohamia Afrika. Hadi leo nafasi yake mnarani ni tupu, na wageni hupandishwa ngazi kuonyeshwa huo utupu. Nilimwambia kengele hiyo ninaijua, ina jina la kijiji chake pembeni. Macho yakamjaa machozi. Aliniuliza inatumikaje, nikamwambia, ya msiba. Sikuongeza neno.

Basi siku moja nilikuwa nakung'uta mto wa kochi, naye alikuwa na furaha, akanisimulia kichekesho cha kijiji. Wakati wa vita vya Hitler, serikali yao ilizinyamazisha kengele zote za nchi. Kengele ingelia kwa sababu moja tu, kwamba adui ameshuka. Wendleham kila mtoto alifundishwa: ukisikia kengele, usiende kanisani. Chukua wadogo zako, jifiche. Sasa usiku mmoja mbuzi wa kasisi aliingia mnarani akaitafuna kamba, akaivuta, na kijiji kizima kikakimbilia mashimoni na mablanketi, na mkulima mmoja akakesha shimoni na uma wa nyasi hadi jua likatoka!

Alikuwa anacheka. Alinitazama ili tucheke pamoja.

Nilipiga yowe. Sikujua kama ni mimi, nilidhani ni mtu wa nje. Mto ulinitoka, nikakaa chini kwenye zulia la madamu na vumbi lake, nikamwambia kila kitu. Kiti cha samawati, Elia dirishani, sufuria. Nilimwambia, "Nyinyi mlijua! Mlijua kengele inaweza kusema kimbia! Mlituletea kengele yenu, mkatuchapa nayo miaka arobaini, na hilo moja la maana mkaliacha kwenu!"

Najua halikuwa kosa lake. Mlowezi yule alihama kwao kabla ya vita vya Hitler, na walioiwekea kengele maana ya msiba ni wazee wangu mwenyewe, na walistahili heshima hiyo. Najua. Hasira haiulizi tarehe. Mzee Arthur aliteremka kutoka kwenye kochi, magoti yakimlia, akakaa zuliani karibu nami akanishika mkono. Tulikaa hivyo hadi mwadhini akaadhini. Siku hiyo ningemfia.

Wiki haikuisha. Nilikuwa namwekea chai.

"Rhoda," akasema, akaikoroga chai isiyo na sukari. "Ile kengele. Haikupasuka?"

Wacha nikwambie, nilihisi moto kuanzia unyayoni. Aliendelea. Alikuwa amezungumza na watu wa kamati ya kanisa lao. Walikuwa wanataka irudi nyumbani kabla hajafa yeye. Wangelipia kila kitu, na wangetupatia kengele mpya ya shule, ya umeme. Nilichotakiwa ni kuwaandikia wazee wa kwetu na kuwaeleza kwamba ni jambo jema.

"Iko juu ya kaburi, Mzee. Nilikwambia."

"Tungeweka jiwe zuri mahali pake."

"Lenye majina? Chifu amekataza majina."

"Basi jiwe tu, Rhoda. Jiwe zuri."

Salma nilipomweleza pale kwenye mapipa, alipiga makofi. "Mwenzangu, mpe mtu kengele yake! Utaitwa Ulaya kukata utepe, uvae kofia yenye manyoya." Alipoona sicheki, akaniwekea mkono begani. "Haya, shoga. Usimpe. Lakini usimkatalie bure. Mtu akitaka cha maiti, na akiombe kwa maiti."

Neno hilo lilinikaa. Asubuhi nikamwendea Mzee Arthur, nikasimama mbele yake bila aproni.

"Nimekubali," nikasema. "Kwa sharti moja. Majina yetu yaandikwe kwenye lile jiwe lenu la njia panda. Wote. Elia, Mama Tito, Mwalimu Petro, mama yangu. Na yasomwe kila mwaka na ya wenu. Wamekufa kwa kengele ya Wendleham, basi ni watu wa Wendleham. Siku jina la mwisho likichongwa, mimi mwenyewe nitashika upande mmoja wa kengele kuipakia garini."

Sikuwa natania. Kwetu hawakutaka majina yao. Ningeyapeleka popote penye jiwe, hata kwenye baridi, hata kati ya wageni. Mtu asomwe hata kwa matamshi ya kuvunjika, lakini asomwe.

Mzee alifikiri sana. Kisha akasema ni haki, na alimaanisha. Alipiga simu mbele yangu, sauti ikiwa wazi, kwa mama mmoja mwenyekiti wa kamati. Alinitetea vizuri. Yule mama alisikiliza, akasema jambo hilo limemgusa mno, watu wote walioguswa husema hivyo, halafu akasema jiwe lile linalindwa na sheria na haliruhusiwi kuongezwa hata herufi. Tena lina majina ya wanajeshi. Lakini wangefurahi kuweka kibao kidogo ndani ya kanisa, nyuma ya mlango, cha kuwashukuru watu wa Kenya kwa kuihifadhi kengele.

"Kuihifadhi!" nikasema. Nilisahau kwamba ananisikia. "Hatukuihifadhi! Tumelazwa chini yake!"

Yule mama akatuaga kwa adabu.

Jioni madamu Helen alinifuata jikoni. Hakunitisha, lakini visa yangu ilikuwa mkononi mwake na sote wawili tulijua. Alisema baba yake ni mzee, kwamba kwangu ni kipande cha chuma tu na kwake ni maisha yake yote. "Ungemfanyia wema mkubwa, Rhoda."

"Madamu," nikasema, "kwangu si chuma. Ndiyo jiwe la mama yangu. Ukinirudisha kwetu kesho nitafunga sanduku usiku huu. Kengele haitoki."

Aliinamisha kichwa, akaokota kitambaa, akakausha sahani ambayo nilishaikausha. Hakunirudisha. Mzee Arthur alirudi Uingereza mwezi uliofuata. Aliiacha picha ukutani. Getini aliniomba nimtajie yale majina, angalau ayajue yeye, nami nikamtajia moja tu, la mama yangu. Akalirudia, akalikosea, akalirudia tena hadi likakaa sawa. Mengine sikumpa. Salma aliniambia nilikuwa mkali mno kwa mzee wa watu. Labda. Alikufa mwaka ule ule, madamu aliniambia, na huko kwao ile kengele kubwa iligongwa polepole, ya msiba. Nililia kwa ajili yake na bado nilikuwa nimemkasirikia, na sikuona ajabu.

Likizo yangu ikafika nikaenda nyumbani.

Siku hizi mtu akifa Wendelamu tunaarifiana kwa simu. Watu huja mikono mitupu, wakakuta hema na viti vya plastiki vya kukodi, vyote vyeupe, vyote sawa. Hakuna anayeandika jina kwenye kiti. Nyasi zimekua kuizunguka kengele hadi usawa wa magoti, na nilizifyeka mwenyewe siku nzima, mjomba akinisimamia kwa sababu mgongo haumruhusu.

Siku ya kuondoka nilivuka daraja kwenda kungoja gari upande wa pili. Jua lilikuwa kali, nikaingia kwenye hoteli ya chai pale stendi. Msichana mhudumu, mchangamfu, akanivutia kiti. "Karibu dada, kaa."

Kilikuwa cha samawati. Rangi ilikuwa imebanduka, mguu mmoja umetiwa mbao mpya, lakini herufi zilikuwa bado zinapanda mlima. Na D ilikuwa imepakazika.

"Kina nini?" msichana akauliza. "Ni kizima hicho."

"Kina jina."

"Aa, hilo la zamani. Tulikikuta nalo." Akainama, akalisoma kwa mara ya kwanza pengine. "Kwani Rhoda ni nani?"

"Ni mimi."

Mwenye hoteli, mama wa makamo, alikuwa anatoka jikoni na sinia la vikombe. Alisimama. Alinitazama mimi, akatazama kiti, na nikaona kwamba yeye hakuhitaji kuulizwa kitu. Wanaume waliokuwa wakila waliinamia sahani zao. Nilikuwa na maneno ya miaka, nilikuwa nimeyanoa jikoni Doha kila siku ya Mungu, na nilipofungua mdomo nikaona hakuna hata moja ninalotaka kumpa yule mama.

Nikakitwika kiti kichwani, kama alivyokuwa akikitwika mama yangu. Hakuna aliyenizuia. Nikavuka tena daraja, nikapanda hadi kanisani, na gari likaniacha. Nikakiweka mbele ya kengele, mgongo wenye jina ukitazama darajani, ili kila anayevuka alisome, na chifu akitaka aje anifunge.

Mimi nilikaa chini, nyasini. Kiti kilikuwa na mwenyewe.